Nondo Iliyofichwa: Historia ya Chuma cha Shingo ya Gitaa

Gitaa la umeme ni chombo kinachojulikana mno katika miji yetu, tangu Lubumbashi hadi Bujumbura na Kampala, hata mtoto wa shule ya msingi aweza kulichora pasipo kulitazama. Atachora kiwiliwili chake, shingo yake ndefu, nyuzi zake sita na vigingi vya kukazia nyuzi hizo. Hatachora kipande cha chuma kilichomo ndani ya shingo, kwa kuwa hakionekani, nacho ndicho kinachoiwezesha shingo hiyo kubaki imenyooka mwaka baada ya mwaka. Siku chuma hicho kikatikapo, sauti ya gitaa huharibika, na mara nyingi mwenye gitaa huambiwa kwamba shingo imekwisha, akatafute nyingine. Neno hilo husemwa kwa haraka mno, na limewapotezea wanamuziki wengi magitaa mema. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi chuma hicho kilivyoanza, jinsi kila kiwanda kilivyokificha kwa namna yake, na jinsi namna hiyo ya kukificha inavyoamua hata leo kama chaweza kutolewa na kutengenezwa.

Kabla ya kuendelea hapana budi tukubaliane juu ya jina. Kwa Kiingereza chuma hiki kimepewa jina lililoazimwa katika kazi ya ujenzi, lenye maana ya ufito wa chuma wa kenchi. Zamani, mabehewa ya reli yalipokuwa yakijengwa kwa mbao, chini ya sakafu zilifungwa fito za chuma toka ncha moja ya behewa hadi nyingine, zikakazwa ili boriti zisibonyee katikati kwa uzito wa mizigo. Chuma cha gitaa kina asili katika fikira hiyo hiyo. Lakini kwa mafundi wetu kenchi ni mbao zibebazo paa, na mtu akisikia habari za kenchi ya gitaa atacheka. Mimi napendelea kukiita nondo. Kila aliyepita penye jengo linalosimamishwa amezona nondo zikilazwa kabla ya zege kumwagwa; zege hustahimili kugandamizwa lakini haistahimili kuvutwa, basi nondo huvutwa kwa niaba yake. Na zege ikiisha kumwagwa nondo haionekani tena. Mwanafunzi atakayeuliza kama nondo hiyo ni mdudu alaye nguo, na ajibiwe kwamba ni maneno mawili yenye sura moja, jambo ambalo si geni katika lugha yetu.

Sasa tutazame kazi ya nondo hiyo. Uzi wa gitaa hautoi sauti mpaka uvutwe. Nyuzi sita nyembamba za gitaa la umeme, zikikazwa kwa kipimo cha kawaida, huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi kwa jumla, pungufu kidogo tu ya uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Gitaa lisilo la umeme lenye nyuzi za chuma huvutwa zaidi, hata kupita kilo 70. Nguvu hiyo hushinda na kukesha, gitaa likipigwa au likiwa limetundikwa ukutani. Nayo shingo ni mti usiozidi sana milimita 25 kwa unene. Mti mzuri hauvunjiki kwa nguvu hiyo, lakini huchoka polepole, ukakubali kupinda kuelekea upande wa nyuzi kama upinde wa mshale. Hapo nyuzi huinuka juu ya ubao wa vidole, mpigaji akaumia vidole, na kwa kuwa hulazimika kuusukuma uzi mbali zaidi kabla haujagusa freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, uzi huo huvutika na kutoa sauti ya juu kuliko inayotakiwa. Hata mwenye sikio la kawaida hutambua kuwa gitaa linasema uongo.

Si kwamba shingo itakiwe kunyooka kabisa kama rula. Uzi unapopigwa hutikisika kwa upana zaidi katikati yake, basi huhitaji nafasi. Mafundi huiacha shingo na mbonyeo mdogo karibu na freti ya saba au ya nane, wa milimita 0.2 au 0.3, yaani unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Baina ya shingo njema na shingo mbovu kuna tofauti ndogo kama hiyo, na ndiyo sababu chombo cha kurekebisha kilihitajika.

Magitaa ya kale hayakuwa na shida hiyo. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa mnyama, laini, zisizovuta sana, na mti ulitosha peke yake. Hata leo gitaa la Kihispania lenye nyuzi za nailoni aghalabu hutengenezwa bila nondo. Mambo yalibadilika huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nyuzi za chuma zilipoenea kwa sababu ya sauti yake kubwa. Mandolini, chombo kilichopendwa mno wakati huo, kilikuwa na nyuzi nane za chuma juu ya shingo nyembamba. Jawabu la mafundi lilikuwa kuinenepesha shingo na kuijenga kwa miti migumu, tena tabaka juu ya tabaka. Shingo za namna hiyo zilistahimili, lakini mkono mdogo ulishindwa kuzizunguka.

Orville Gibson, aliyezaliwa mwaka 1856, alikuwa fundi wa mandolini na magitaa katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Mwaka 1902 iliundwa kampuni iliyochukua jina lake, naye akafariki mwaka 1918. Nondo tunayoizungumzia ilitoka katika kiwanda hicho baada ya kufa kwake, kwa mkono wa mfanyakazi mmoja aitwaye Thaddeus McHugh. Mwaka 1921 McHugh aliomba hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, na mwezi wa Februari 1923 akapewa. Nakubali kwamba jina la McHugh si maarufu. Wapenzi wa vyombo vya zamani humtaja zaidi Lloyd Loar, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo toka mwaka 1919 hadi 1924, na ambaye saini yake ndani ya mandolini huipandisha bei mara nyingi. Lakini vyombo vya Loar vilivyobaki ni vichache, tena vimefungiwa makabatini, hali chuma cha McHugh, au mtoto wake au mjukuu wake, kimo ndani ya karibu kila gitaa la umeme linalopigwa duniani usiku wa leo.

Nondo ya asili hiyo ni ufito wa chuma cha pua wenye unene wa karibu milimita 5. Shingoni huchimbwa mfereji mwembamba toka kichwani hadi panapoungana shingo na kiwiliwili. Nondo hulazwa humo, ncha moja ikashikiliwa imara ndani ya mti isitoke wala isizunguke, na ncha ya pili ikachongwa hesi na kuvishwa nati ya shaba. Juu ya nondo hubandikwa kipande cha mti cha kuziba mfereji, na juu ya yote hayo hugundishwa ubao wa vidole. Nati hubaki nje kidogo, chini ya kifuniko kidogo kichwani mwa gitaa. Aghalabu mfereji huwa na mpindo, katikati ukazama kuelekea mgongo wa shingo. Nati inapokazwa, nondo huvutwa. Na kila kilichopinda kikivutwa hutaka kunyooka, basi katikati ya nondo husukuma mti kuelekea upande wa nyuzi, ikashindana na nguvu ya nyuzi zinazotaka kuibonyeza shingo hapo hapo. Ni mvutano wa pande mbili, kama wavuta kamba wawili wenye nguvu sawa, na shingo hutulia baina yao.

Faida yake haikuwa kunyoosha tu. Kwa kuwa chuma kilichukua sehemu ya mzigo, shingo ziliweza kufanywa nyembamba, na mti haukulazimika kuwa mgumu kupita kiasi. Mwenye kiwanda alipenda hilo la pili kama mpigaji alivyopenda lile la kwanza.

Hataza za Marekani wakati huo zilidumu miaka 17. Maana yake ni kwamba mpaka mwaka 1940 ufito wa McHugh ulikuwa mali ya wenyewe, na viwanda vingine vilipaswa kutafuta njia nyingine. Kampuni ya Martin ya mji wa Nazareth, Pennsylvania, iliyoanza kazi mwaka 1833, ilichagua mwaka 1934 kutia ndani ya shingo chuma kigumu chenye umbo la herufi T, kisichokazwa wala kulegezwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chuma kilipozuiliwa kwa ajili ya silaha, Martin walitia abunusi mahali pa chuma, na hata Gibson walitoa magitaa kadha wa kadha yasiyo na nondo ya kukaza. Kwa hiyo mwenye gitaa la miaka ile asishangae akifungua kifuniko na kukuta patupu, au akitafuta kifuniko na asikione. Martin hawakukubali nondo ya kukaza hadi mwaka 1985, zaidi ya miaka 60 baada ya hataza ya McHugh. Hiyo ilikuwa subira ya watu walioamini mti.

Sura ya pili ya historia yetu iliandikwa mbali na Kalamazoo, katika mji wa Fullerton, California. Leo Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio, na aliliangalia gitaa kwa jicho la fundi wa redio: chombo chenye sehemu, na sehemu iliyoharibika hutolewa ikawekwa nyingine. Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme lenye kiwiliwili cha ubao mzima usio na uwazi, na shingo iliyofungwa kwa parafujo nne tu pasipo gundi yoyote. Shingo yenyewe ilikuwa kipande kimoja cha mepo, mti mgumu mweupe wa Amerika ya Kaskazini, na freti zilipigwa humo humo bila ubao wa vidole wa kubandikwa. Fender aliamini kwamba mti mgumu kama huo hauhitaji nondo, na magitaa ya mwanzo kabisa ya mwaka ule yalitoka bila nayo. Don Randall, aliyesimamia mauzo, hakukubaliana naye, maana aliona mapema kwamba shingo zitapinda na malalamiko yataletwa kwake. Fender alishawishika, na kabla mwaka haujaisha nondo iliingia.

Lakini iingie kwa njia gani? Gibson walichimba mfereji upande wa mbele na kuuziba kwa ubao wa vidole. Shingo ya Fender haikuwa na ubao wa vidole wa kubandikwa. Mbele yake yote ilikuwa mti mmoja. Basi mfereji ukachimbwa kwa nyuma, mgongoni, nondo ikatiwa, na mfereji ukazibwa kwa kipande kirefu cha mti wa jozi. Mti wa jozi ni wa rangi ya kahawia nzito, na juu ya mepo mweupe ulionekana kama mstari uliopigwa kwa wino. Wamarekani waliupa mstari huo jina la mnyama wao mmoja mwenye mlia mgongoni na harufu isiyovumilika, anayefanana sana na kicheche wetu. Wengi hudhani mlia huo ni pambo. Ni kovu la upasuaji wa mwaka 1950.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Fender walianza kubandika ubao wa vidole wa mti mwekundu mweusi wa jamii ya Dalbergia, ndugu wa mpingo wetu. Palipokuwa na ubao wa kubandika, mfereji uliweza kuchimbwa mbele, na mlia wa kicheche ukatoweka. Ulirejea shingo za kipande kimoja zilipotengenezwa tena mwishoni mwa miaka ya 1960. Nati nayo haikuwa kichwani bali katika kisigino cha shingo, ndani ya kiwiliwili, hata aliyetaka kuikaza alilazimika kulegeza nyuzi zote na kufungua parafujo nne, akakaza kwa kubahatisha, akafunga tena na kupima. Mwaka 1971 nati ya gitaa mashuhuri la Stratocaster ilihamishiwa kichwani. Maelezo haya yaweza kumchosha msomaji asiyepiga gitaa, lakini kwa fundi ndiyo ramani ya kazi yake: akiutazama mgongo, kisigino na kichwa cha shingo, anajua nondo imelala wapi na iliingilia mlango gani.

Magitaa haya yalitufikiaje? Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, gitaa lililosikika lilikuwa gitaa la mti lisilo na umeme, na nyimbo nyingi za Mwenda zilikuwa kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata Bill Alexandre, mpiga gitaa Mbelgiji, aliwasili Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, naye ndiye atajwaye kuwa aliingiza gitaa la umeme katika muziki wa mji ule. Mwaka 1953 huo huo Joseph Kabasele alianzisha African Jazz, na mwaka 1956 likazaliwa OK Jazz. Toka hapo gitaa la umeme lilipanda mito na kuvuka maziwa. Vyombo vilitoka Ulaya, vilitoka Marekani, na tangu miaka ya 1960 vingi vilitoka Japani, kila kimoja na namna yake ya kuficha chuma. Kilichokuja pungufu ni vipuri. Shingo ya parafujo nne ni fikira njema kwa mtu aishiye California, ambako shingo nyingine ipo katika duka la jirani. Kwa mpigaji wa Kalemie au Gitega, shingo mpya hutoka ng'ambo, na nauli na ushuru wake huenda vikapita bei ya gitaa zima. Kwa hiyo huku kwetu nondo iliyokatika haina budi ifuatwe huko huko iliko.

Hali ya hewa nayo ina neno. Mti hunywa unyevu na kuutoa, na shingo iliyozoea joto bichi la Kinshasa ikipelekwa Lubumbashi mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu, itasogea. Mwenye gitaa huona nyuzi zimebadilika, akachukua ufunguo na kukaza. Masika yakirudi hukaza tena. Nondo haikatiki kwa sababu ya kupigwa gitaa; hukatika kwa sababu ya kukazwa na mtu asiyejua kwamba imefika mwisho. Mahali ikatikapo ni karibu siku zote pale penye hesi, kwa kuwa hesi ilichongwa katika unene wa ufito wenyewe, ikaupunguzia nguvu hapo.

Hata hivyo si kila nati isiyotii ni ushahidi wa nondo kukatika, na hapa ndipo magitaa mengi huhukumiwa bila kosa. Nati ikizungushwa ikawa nzito na shingo isitikisike, huenda imefika mwisho wa hesi yake, kwa kuwa mti ulio chini yake umebonyea miaka mingi. Dawa yake ni kuifungua kabisa, kutia washa moja au mbili, na kuirudisha. Hesi hupata nafasi mpya na shingo hunyooka. Dawa hiyo haigharimu kitu. Nati ikizunguka wepesi pasipo kukaza lolote, ama hesi imelika, au nondo nzima inazunguka kwa sababu ncha ya pili imeng'oka katika mti. Bali nati ikitoka mkononi na kipande cha ufito kimebaki ndani yake, hapo hapana la kujadili.

Nondo ikiwa imekatika kichwani, karibu na nati, bado kuna njia isiyohitaji kufungua shingo. Fundi huchukua mrija mwembamba wa chuma ulionolewa meno mdomoni, akauvisha juu ya kisiki cha nondo na kuuzungusha taratibu, ili ule mti uliokizunguka kisiki hicho na kukiacha wazi kwa urefu wa sentimita moja au zaidi kidogo. Kisha huchonga hesi mpya juu ya kisiki, akavisha kijibomba cha shaba kuchukua nafasi ya mti ulioondolewa, na juu yake washa na nati. Nondo imekuwa fupi kwa sentimita moja, na gitaa halitajua. Kazi hiyo yataka utulivu, kwa maana mahali penyewe ndipo shingo ilipo nyembamba kuliko kote, na kuchimba kupita kiasi ni kuvunja kichwa. Katika gitaa la Gibson na yote yaliyoigwa kutoka kwake, hii ndiyo njia ya kujaribiwa mwanzo. Katika Fender za zamani, ambazo nati yake imo kisiginoni, mafundi wengi huona ni afadhali kutoa nondo nzima.

Kutoa nondo nzima ni kurudi kwa mlango ilioingilia. Kama ilitiwa kwa mbele, ubao wa vidole hauna budi utoke. Gundi iliyoushika hulainika kwa joto. Gundi ya ngozi, iliyotumika katika vyombo vya zamani, hulegea kwa joto la nyuzi 60 hivi na mvuke kidogo. Fundi hung'oa freti mbili, akatoboa humo matundu membamba ya kupitisha misumari midogo, ili siku ya kurudisha ubao usiteleze ukakaa upande. Kisha hupitisha pasi ya moto wa wastani juu ya ubao, na kisu chembamba butu humfuata moto, sentimita kwa sentimita. Mapambo ya seluloidi yaliyotiwa katika ubao hushika moto upesi, kwa hiyo hufunikwa au hutolewa mapema. Anayefanya haraka huchana ubao. Kazi hii yaweza kuchukua asubuhi nzima, na sioni aibu kwa fundi aichukuliaye siku mbili.

Ubao ukiisha kutoka huonekana kile kipande cha mti kilichoziba mfereji. Na kitolewe kwa patasi kwa uangalifu, kwani upande wake wa chini unaonyesha mpindo wa mfereji, nacho ni kielelezo bora kwa kipande kipya. Nondo mpya yaweza kutengenezwa katika karakana yoyote yenye chombo cha kuchonga hesi: ufito wa chuma wa milimita 5, hesi upande mmoja, na upande wa pili kipande cha bapa kilichochomelewa ili kishike mti. Wapo waliojaribu njiti za gurudumu la baiskeli. Hizo ni za milimita 2 hivi, na haziwezi kazi hii. Kabla ya kulazwa, ufito hupakwa nta na kuvishwa mpira mwembamba au kuzungushiwa kitambaa, gundi isiushike na usitetemeke sauti ikitoka. Siku hizi huuzwa pia nondo za aina nyingine, fito mbili zilizoungwa pamoja, ambazo husukuma shingo mbele au nyuma kadiri nati izungushwavyo. Hizo hazitegemei mpindo wa mfereji. Zataka mfereji ulionyooka na wenye kina zaidi. Zafaa sana katika shingo nene. Katika shingo nyembamba ya zamani huenda kuchimba kina hicho kukaacha mgongo mwembamba mno, na kwangu mimi ufito mmoja kama ule wa mwaka 1921 ni salama zaidi.

Ubao hurudishwa kwa gundi mpya, misumari midogo ikauongoza mahali pake, na jiriwa nyingi zikaubana kwa siku moja kamili. Nyuzi zisifungwe mara moja, kwa maana gundi imeulowesha mti, na mti ulioloa hudanganya kipimo. Zikiisha kufungwa na kukazwa, nati na izungushwe robo ya mzunguko, gitaa liachwe lipumzike, ndipo lipimwe. Robo nyingine ikihitajika, ingojee kesho.

Shingo ya kipande kimoja yenye mlia mgongoni haina ubao wa kung'oa, wala pasi haisaidii, maana moto utaharibu rangi ya mepo bila kufungua kitu. Huko mlango ni ule mlia wenyewe. Fundi hubana shingo kifudifudi juu ya meza, akauchimba mlia kwa patasi nyembamba au mashine ya kuchimbia mifereji, akifuata mipaka yake pasipo kugusa mepo wa pande zote mbili, mpaka aufikie ufito. Huutoa, akatia mwingine, kisha huziba. Mti wa jozi wa Marekani ni adimu kwetu, lakini mninga wa Katanga au wa Tabora, uliokauka vizuri, huchongeka kwa urahisi na hushika gundi. Rangi yake huvuta zaidi kwenye wekundu kuliko ile ya jozi, na mwenye macho atautambua mlia huo tofauti akiligeuza gitaa.